Jumapili Tuliyoomba Kufungwa

Siku ya hitima ya Fundi Saidi, wanawake tulikaa chumba cha nyuma, juu ya majamvi, na mjukuu wake, msichana anayesoma chuo, akawa anapita kugawa kahawa. Alipofika kwangu akainama akaninong'oneza, "Bibi, wanaume kule nje wanasema babu alikuwa mchezaji mpira. Kweli?" Nikamwambia kweli, tena senta fowadi. Akatabasamu kama aliyeambiwa babu yake alikuwa akiruka angani. "Alishinda nini?" Kikombe hakushinda. Medali hakuvaa. Alishinda mchezo mmoja ambao mtaa wake mzima, na mimi nikiwemo, tulikuwa tukimwomba Mungu ashindwe. Jambo kama hilo halielezeki huku umeshika kikombe cha kahawa na chumba cha pili inasomwa Kurani, kwa hiyo nikamwambia aje siku nyengine nimhadithie. Hajaja bado. Nnaliandika hapa, akija alikute.

Ulikuwa mwaka mmoja tu, katika miaka ya hamsini, kabla siasa haijaingia majumbani na ndugu kuanza kununiana. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Ya wazee wangu, na sababu iliyonipeleka Mkunazini, Unguja mjini, kukaa kwa shangazi yangu Bi Mwatima, nnayaacha. Yana mahali pake. Kinachonijia kwanza ni chumba. Kilikuwa ghorofa ya kwanza, kirefu na chembamba, na madirisha yake mawili yakitazama kichochoroni. Sakafu ilikuwa ya chokaa iliyolazwa juu ya boriti, na pembeni, karibu na cherehani, chokaa ilikuwa imemomonyoka pakabaki tundu la kupita kidole gumba. Chini ya tundu lile palikuwa na klabu. Shangazi alikuwa amewapa chumba cha chini timu ya mtaa, Zafarani, wavaao fulana za manjano, na fulana zenyewe kila msimu tukizishona sisi. Basi mwaka ule niliuishi juu ya klabu ya mpira. Moshi wa sigara ulipanda kwa tundu lile, harufu ya kahawa ikapanda, na maneno yakapanda. Nilikuwa nakanyaga cherehani, na maneno yakikolea nasimamisha mguu. Shangazi akinikuta nimesimama hanigombezi. Anavuta mbuzi yake, anakaa upande wa pili wa tundu, anakuna nazi polepole ili mkwaruzo usifunike sauti.

Shangazi alikuwa mjane, mwembamba, mkali wa macho, na hakuwa akikosa mchezo uwanjani Mnazi Mmoja. Sisi wanawake tulikuwa na upande wetu, mbali kidogo na mstari, tunatandika mkeka, tunakaa na mabuibui yetu na kapu la bajia. Wengine walikuja kupunga upepo. Shangazi alikuja kutazama mpira. Alijua nani anaogopa kupiga kichwa na refa yupi haoni vizuri jua likimpiga usoni. Mwaka ule alikuwa na kazi ya kusikitika tu, maana Zafarani ilifungwa na kila aliyetokea. Golikipa wetu, Mcha, alikuwa mchoma mikate, na shangazi akisema mikono yake ni ya kukandia unga, si ya kudakia. Aliyetupunguzia haya alikuwa kapteni, Fundi Saidi. Alikuwa seremala, na karakana yake ilitazamana na dirisha letu, upana wa kichochoro tu. Alikuwa na miaka thelathini na nne, umri ambao wenziwe walishaacha mpira wakaota vitambi, na goti lake la kushoto alilifunga kitambaa. Asubuhi nilikuwa namwona anateremka ngazi zake tatu kwa upande, kama kaa. Jumapili uwanjani alikimbia. Sijui lile goti alilifanyaje. Hasemi sana, na akifungwa mabao manne anakimbilia mpira wavuni mwenyewe, anauweka kati, anasubiri filimbi.

Katikati ya msimu kampuni moja ya meli ikafunga ofisi yake ya Unguja, na timu ya wafanyakazi wake, iliyoitwa Nanga, ikafa siku moja na ofisi. Katika Nanga alikuwemo Feruzi. Huyu alikuwa mchukuzi wa bandarini, kijana wa mtaa wa Ng'ambo ambaye wazee wake walitoka bara, mrefu, mpole, na mpira ukimfika miguuni uwanja mzima unanyamaza. Alikuwa akimpiga mtu chenga mpaka aliyepigwa mwenyewe anacheka. Kila klabu ilimtaka. Chama cha mpira, ili watu wasije wakapigana, kikakata shauri kwamba wachezaji wa Nanga watagaiwa msimu ukiisha, na kwamba klabu itakayokuwa ya mwisho kabisa ndiyo itakayochagua kwanza, ifuate iliyo juu yake, hivyo hivyo mpaka kileleni. Nia ilikuwa njema, wanyonge wapate nguvu. Nadhani waliolipitisha hawakuwa washabiki wa timu yoyote.

Sisi tulikuwa wa mwisho. Nakumbuka alasiri habari ile ilipofika chini. Kwanza vicheko, kisha viti vikaburutwa. Bwana Nassor, mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la vitambaa Darajani, alikuwa na sauti nzito iliyopanda vizuri kwa tundu. "Jamaa," akasema, "imebaki michezo mitatu. Tukifungwa yote mitatu, Inshallah, Feruzi ni wetu." Mmoja akaitikia, "Kufungwa sisi nani atatushinda?" Wakacheka mpaka chokaa ikadondoka. Huku juu shangazi naye alicheka, akapika pilau siku isiyokuwa ya pilau, na tulipokuwa tunakula akanieleza jinsi Feruzi atakavyopendeza katika manjano. Fulana yake alishaikata kichwani: mabega mapana, mikono mirefu. Mwaka mzima tulikuwa tumebeba aibu ya kuwa wa mwisho, na sasa imegeuka mahari. Nnapofikiri hivi leo naona tulikuwa watu wa kuhurumiwa, lakini siku ile sikuonja chakula kitamu kuliko kile.

Jumapili ya kwanza tulicheza na timu iliyokuwa juu ya zote. Tulitandika mkeka kwa raha, kwani kufungwa kulikuwa kumehakikishwa. Dakika za mwisho, bado bila kwa bila, Fundi Saidi akapokea mpira mgongo wake umeelekea goli, akageuka kwa goti lile bovu, akaupiga chini chini. Bao. Shangazi akainuka na kigelegele kilichosikika mpaka baharini. Katikati ya kigelegele akakumbuka. Akajiziba mdomo kwa buibui, akakaa, akanitazama kwa macho ya mtu aliyemeza mbegu. "Lo," akasema, "sijui nifurahi au nilie." Nikatazama upande wa wanaume wa kwetu, na wao walikuwa hivyo hivyo: mmoja kamrukia mwenzake shingoni na mwenzake kashika kichwa. Njiani tukarudi tumeshinda, mara ya kwanza tangu mvua za masika, na tulitembea kama watu watokao mazikoni. Lakini usiku, shangazi akisokota vitambaa kuwa tambi za taa, nilimsikia anaimba.

Jumapili ya pili tukatoka sare. Sasa hesabu ikawa hivi: ushindi ni pointi mbili, sare ni moja, na sisi tulikuwa pointi moja tu nyuma ya timu iliyo juu yetu, Mnara, vijana wa Funguni. Na mchezo wa mwisho ulikuwa baina yetu na wao. Tukifungwa au tukitoka sare, tunabaki wa mwisho na Feruzi wetu. Tukishinda, Mnara ndio wa mwisho, na Feruzi wao. Watu hawakuzungumza jengine wiki ile. Mchoma mikate Mcha alikuwa akiulizwa na kila mnunuzi, "Jumapili utadaka?" naye anajibu, "Nikiweza kukosa nitakosa, lakini mpira ukinijia mikononi n'fanyeje?"

Siku ya Alkhamisi, baada ya alasiri, nilikuwa peke yangu kwenye cherehani. Chini waliingia watu watatu, nikaijua sauti ya Bwana Nassor, na baada ya kitambo nikaisikia miguu ya Fundi Saidi, mmoja mzito mmoja mwepesi. Walimwamkia, wakamtilia kahawa. Kisha Bwana Nassor akasema, "Fundi, tumekuita kwa kheri. Jumapili, tunakuomba utulize mguu." Fundi Saidi akauliza, "Kutuliza vipi?" "Usifunge. Cheza, kimbia, lakini usifunge. Unajua sababu." Nikasikia kikombe kinawekwa. Fundi Saidi akasema, "Siwezi, Bwana Nassor." Sauti ya tatu, ya kijana mmoja mwenye maneno, ikadakia: "Sema kweli. Feruzi ni senta fowadi na wewe senta fowadi. Unaogopa nafasi yako." Mimi mguu wangu ulikuwa juu ya kikanyagio hauendi. Alipojibu hakupandisha sauti. "Mwaka ujao sichezi. Goti limekwisha, nshamwambia Mcha zamani. Nafasi iko wazi, na nikiambiwa nimchague mtu wa kuikaa nitamchagua Feruzi kabla hamjamaliza kuuliza." "Basi?" "Basi siku sita za wiki nnafanya watakavyo watu. Mtu anataka mlango mfupi, nnapunguza. Anataka kitanda chenye miguu minene, nnanenepesha. Jumapili nnacheza mpira. Hiyo moja niachieni." Akaondoka, mguu mzito, mguu mwepesi. Waliobaki wakanong'ona kidogo, kisha Bwana Nassor akasema wazi, "Hatochezeshwa. Jina lake lisisomwe." Wakakubaliana.

Shangazi alipoingia na kapu la sokoni nilimhadithia yote. Alikuwa ameanza kumenya vitunguu, akasita kisu mkononi. Mimi nilifikiri atafurahi, maana hakuna mtu katika mtaa ule aliyemtaka Feruzi kuliko yeye. Fulana kwa kweli alishaikata, si kichwani tena. Ilikuwa imekunjwa sandukuni, nilimwona akiiweka. Akakiweka kisu chini. "Wamtoe Saidi?" akasema. "Mchezo wake wa mwisho?" Kisha akainuka, akajitanda kanga, akateremka mpaka ngazi ya mwisho, akasimama nyuma ya mlango wa klabu bila ya kutoka. Mimi nilirudi mbio kwenye tundu.

"Bwana Nassor!"

"Naam, Bi Mwatima."

"Fundi Saidi asipocheza Jumapili, Jumatatu mtafute pahala pengine pa kutundika kibao chenu."

"Bi Mwatima, wewe si ulikuwa unamtaka Feruzi?"

"Nnamtaka mpaka sasa. Nshakwambia niliyokwambia."

Akapanda juu, akakaa kwenye vitunguu vyake, akaanza kulia. "Ni vitunguu," akasema. Baadaye akasema, "Nimejikosesha Feruzi kwa mdomo wangu mwenyewe." Nilimpenda shangazi kabla ya hapo, kama mtu anavyompenda anayemlisha. Tangu alasiri ile nilianza kumstahi.

Jumapili watu walijaa kuliko fainali. Walikuja hata wasiokuwa na timu, kutazama klabu mbili zinazogombania kushindwa. Feruzi mwenyewe alikuwepo. Alisimama nyuma ya goli la upande wa barabarani, kashika kofia mkononi, hamtazami mtu. Mnara nao walikuwa wamefanya hesabu kama yetu, na mchezo ulipoanza ikadhihirika kwamba hakuna anayeutaka mpira. Fulbeki wao akampa golikipa wake, golikipa akampa fulbeki. Wetu mmoja akapata goli wazi akaupiga nje, kwa uangalifu kabisa, na mashabiki wetu wakamshangilia. Watoto wakaanza kucheka, kisha na wakubwa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Waleteeni mikeka walale!" Nami nilicheka. Kisha nikamwangalia Feruzi kule nyuma ya goli nikamwona ameinamisha kichwa, anaizungusha kofia yake vidoleni, kicheko kikanikauka.

Fundi Saidi kipindi chote cha kwanza alikimbia peke yake. Wenziwe hawakumpa mpira. Aliufuata kwa Mnara wakampigia mbali, akaufuata tena. Kile kitambaa cha goti kilifunguka kikawa kinaburuta, akakivua akakitupa. Kipindi cha pili fulbeki wa Mnara alikuwa anamrudishia golikipa wake, mvivu, hatazami, na Fundi Saidi akatokea katikati. Aliuchukua. Golikipa alijitupa, nadhani kwa mazoea tu, Fundi Saidi akampita kushoto, akautia wavuni. Halafu akaingia wavuni akautoa, akaenda kuuweka kati, kama alivyofanya kila siku tulipofungwa sisi.

Sijapata kusikia kimya kama kile uwanjani. Hata wetu hawakupiga makofi. Nikahisi mkeka umetikisika, shangazi amesimama. Akapiga kigelegele, mara hii hakujiziba mdomo. Kimoja, cha pili, cha tatu, mwanamke peke yake mbele ya Unguja nzima. Nami nikainuka nikampokea, na wanawake wengine nyuma yetu wakapokea, na hapo ndipo uwanja ukaamka.

Kilichofuata ndicho ninachotamani yule mjukuu angekiona. Mnara walikuwa watu pia. Kapteni wao, kijana mfupi, alikuwa amebaki kashika kiuno anamtazama Fundi Saidi, kisha akauchukua ule mpira kati na akaja nao. Alikuja kweli. Wakasawazisha, na bao lao lilikuwa zuri, kichwa kutoka kona, huku mashabiki wao wenyewe wakimtukana aliyefunga. Mcha akadaka mipira miwili ambayo mikono ya unga haidaki. Watu walisahau hesabu. Nilimwona Bwana Nassor kavua koti, kasimama juu ya baiskeli ya mtu, anapiga kelele, "Mpe Saidi! Mpe Saidi!" Wakampa. Alifunga la pili akiwa ameshaanguka, mguu mmoja chini, kwa ncha ya kiatu. Mbili kwa moja. Refa alipomaliza, Fundi Saidi hakuweza kuinuka, na waliomnyanyua walikuwa vijana wa Mnara.

Basi Feruzi akaenda Mnara. Sitosema mtaa ulimsamehe Fundi Saidi siku ile ile. Jumatatu Bwana Nassor alishakumbuka tena hesabu, na kiasi cha mwezi watu wengine walipita kichochoroni bila ya kumtolea salamu. Kabati la bibi harusi mmoja lilipelekwa kwa seremala mwengine. Yeye alifungua karakana asubuhi, akapiga randa, akafunga magharibi. Sisi katika kuchagua tulipata wa pili, fulbeki wa Nanga, mtu wa wastani, aliyetuchezea miaka mingi kwa wastani. Ile fulana ya mabega mapana ilimpwaya, ikabidi nimpunguzie.

Wiki moja baada ya kuchaguliwa, Feruzi alikuja kichochoroni. Nilikuwa dirishani nakata nyuzi. Alisimama mlangoni pa karakana, akaamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitikiwa marahaba, akaambiwa akae. Hakukaa. "Nimekuja kukushukuru," akasema. Fundi Saidi akacheka. "Unishukuru kwa kukupeleka Mnara?" "Hapana. Wiki nzima ile nilikuwa nataka kuhama Unguja. Watu wazima wanavunja mpira kwa ajili yangu. Kila anayenipita ananiambia, sisi tutakuwa wabaya kuliko wale, tutakupata. Nilijiona kama ndimi niliyekosa." Kisha akasema, "Ulipofunga lile la kwanza, nilipumua." Fundi Saidi alisimamisha randa. Hakusema kitu cha hekima. Alisema, "Goli lile golikipa alikuwa amelala," kisha akamtolea mkono, na Feruzi akaushika kwa mikono yake miwili. Wakakaa, wakazungumza mpira mpaka adhana. Mimi nyuzi zote nilishazikata, na bado niko dirishani.

Msimu uliofuata tulicheza na Mnara mapema. Fundi Saidi hakucheza. Alikuja na fimbo, akaketi kwenye kiti alicholetewa karibu na upande wetu wa wanawake, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Bwana Nassor mwenyewe ndiye aliyembebea kile kiti. Feruzi alitufunga matatu. Kila bao Fundi Saidi alipiga makofi, si ya kelele, ya mtu anayeona kazi imefanywa vizuri, na la tatu shangazi hakustahamili. "Fundi! Unampigia makofi anayetufunga?" Akamgeukia kwa adabu. "Samahani, Bi Mwatima. Mikono imekwenda yenyewe." Shangazi akageuza uso, akavuta buibui, akakaza mdomo mpaka filimbi ya mwisho.

Tulirudi nyumbani tumefungwa matatu kwa bila. Njia nzima shangazi hakusema neno. Tulipita Darajani, tukapita kwenye mikate ya Mcha, tukaingia kichochoroni, akafungua mlango, tukapanda ngazi. Alivua buibui, akalitundika, akakaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu. Nilimtilia maji. Akanywa yote, akaweka kopo chini, akanitazama, na macho yake yalikuwa yanang'ara kama ya msichana.

"Lakini lile la pili," akasema. "Umeliona?"